Mkataba, Dola na Soko la Ulaya: Somo Kutoka Nyumba Moja ya Martorell



Ndugu msomaji, katika masomo yetu ya Mafundisho Jamii ya Kanisa tumekwisha kuitazama familia, kazi na mali. Leo tunaingia katika eneo ambalo wengi wetu huwaachia wanasheria, yaani mkataba. Swali letu ni moja. Watu wawili wakikubaliana na kutia saini, je, jambo hilo ni lao peke yao, au jamii nayo ina neno la kusema ndani yake? Na kama inalo, ni jamii ipi: taifa lao, au muungano wa mataifa mengi?

Tumechagua kuitazama Ulaya kwa sababu huko swali hili limefika mahakamani mara nyingi na hukumu zake zinasomeka. Wanaojenga masoko ya pamoja kwingineko watakutana nalo pia. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki imo njiani, kwani Itifaki yake ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ipo sababu nyingine inayotugusa sisi wa seminari. Kanuni ya 1290 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaelekeza kwamba yale ambayo sheria ya nchi imeyaweka kuhusu mikataba ndiyo yafuatwe pia na Kanisa katika mali zake, isipokuwa yakipingana na sheria ya Mungu au pale sheria ya Kanisa yenyewe inapoelekeza vingine. Padre anayesaini mkataba kwa niaba ya parokia hawezi basi kusema kwamba mambo haya ni ya mahakimu.

Nyumba iliyouzwa kwa nusu

Mnamo Julai 2007, mfanyakazi mmoja raia wa Morocco, aliyekuwa akifanya kazi Hispania tangu Desemba 1993, alisaini mkopo wa benki mbele ya mthibitishaji wa hati. Alikopa euro 138,000 na kuweka rehani nyumba aliyoishi na familia yake huko Martorell, karibu na Barcelona. Marejesho yalipangwa kwa miaka 33.

Mkataba haukuandikwa kwa ajili yake. Ulikuwa umechapwa tayari, kama ilivyo mikataba ya benki popote, na yeye alikuwa na uhuru wa kusaini au kuondoka. Ndani yake mlikuwa na masharti matatu tunayopaswa kuyakumbuka. La kwanza, akichelewa kulipa, riba ya ucheleweshaji itakuwa asilimia 18.75 kwa mwaka, nayo itaanza kuhesabiwa bila hata taarifa. La pili, asipolipa sehemu yoyote kwa wakati, benki inaweza kudai mkopo mzima papo hapo. La tatu, benki yenyewe ndiyo itakayopiga hesabu ya deni na kuiwasilisha mahakamani kwa cheti chake. Msomaji anayeijua mikopo ambayo mitaani kwetu huitwa "kausha damu" ataona kwamba ndugu zake wapo hata mahali penye majengo marefu na wanasheria waliosoma.

Alilipa vizuri hadi Mei 2008. Kuanzia Juni akashindwa. Miezi michache baadaye, Oktoba 2008, deni lilithibitishwa kuwa euro 139,764.76, yaani zaidi ya alichokopa. Machi 2009 benki ilifungua shauri la kukazia rehani. Tarehe 20 Julai 2010 nyumba ilipigwa mnada, na hakuna aliyetoa bei. Sheria ya Hispania ya wakati ule ilimruhusu mdai kuichukua kwa asilimia 50 ya thamani yake, na ndivyo ilivyofanyika. Tarehe 20 Januari 2011 mtu huyo alitolewa nyumbani. Tuongeze kwamba kwa sheria ya nchi ile mdaiwa huwajibika kwa mali zake zote, alizo nazo leo na atakazozipata kesho. Nyumba ikichukuliwa kwa nusu, pungufu huendelea kumfuata.

Jambo lililowashangaza wanasheria wa nje ni utaratibu wa kesi. Katika shauri la kukazia rehani, mdaiwa aliruhusiwa kuleta pingamizi chache tu: kwamba deni limekwisha kulipwa, kwamba hesabu ina kosa, na nyingine za namna hiyo. Hakuruhusiwa kusema, "Sharti hili lenyewe ni la dhuluma." Akitaka kulisema hilo, afungue kesi nyingine kwa jaji mwingine. Lakini jaji huyo wa pili hakuwa na uwezo wa kusimamisha mnada wala kuhamishwa. Angeweza kumpa ushindi baada ya nyumba kwenda, na ushindi huo ungekuwa wa fidia ya fedha tu. Mdaiwa wetu alifungua kesi hiyo ya pili Barcelona siku tisa kabla ya kutolewa. Jaji wa Barcelona aliona ugumu, akasitisha shauri na kuiuliza Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg.

Swali la kawaida la mwanafunzi hapa ni hili: Luxembourg inahusikaje? Mkopaji anaishi Hispania, benki ni ya Hispania, nyumba iko Hispania. Hakuna mpaka uliovukwa. Ili tujibu, inatubidi turudi nyuma kidogo.

Mlango wa faragha

Wanasheria hugawa sheria katika mafungu mawili. Kuna sheria za watu binafsi, zinazotawala mikataba, mali na madai kati ya mtu na mtu. Kuna sheria za umma, zinazohusu dola na mamlaka yake: kodi, leseni, ukaguzi, adhabu. Karne ya 19 iliujenga ukuta mnene kati ya mafungu hayo. Kitabu cha sheria za kiraia cha Ufaransa cha mwaka 1804, kilichoigwa sehemu nyingi za Ulaya, kilifundisha kwamba mapatano halali ni kama sheria kwa wale walioyafanya. Dola ilinde mlango, isiingie sebuleni.

Mapokeo ya Kanisa hayakuwahi kuukubali ukuta huo kabisa. Mtakatifu Toma wa Akwino anaiweka biashara chini ya haki ya kubadilishana, ile inayotaka usawa kati ya kinachotolewa na kinachopokelewa, na swali lake la kwanza kuhusu kuuza na kununua ni kama inaruhusiwa kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake. Sheria ya Kirumi waliyoipokea wanakanuni wa zama za kati ilimruhusu aliyeuza ardhi kwa chini ya nusu ya bei ya haki kuuvunja uuzaji huo. (Hatuwezi kuacha kutabasamu kwa uchungu tukiona kwamba nyumba ya Martorell ilichukuliwa kwenye mstari uleule wa nusu.) Naye Papa Leo XIII, katika waraka *Rerum Novarum* wa mwaka 1891, aliuingia mkataba wa kazi bila kubisha hodi. Alifundisha kwamba mwajiri na mfanyakazi wakubaliane kwa hiari, lakini juu ya hiari yao kuna haki ya asili, na mtu anayepokea masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu anatendewa kwa nguvu hata kama ametia saini.

Mataifa nayo yalianza kuutoboa ukuta. Ujerumani, kwa mfano, ilitunga mwaka 1976 sheria ya kuyadhibiti masharti yaliyochapwa tayari katika mikataba. Tusidhani basi kwamba ulinzi wa mnyonge katika mkataba uligunduliwa Brussels.

Soko lilivyoingia sebuleni

Mkataba wa Roma wa tarehe 25 Machi 1957 uliahidi soko la pamoja. Ushuru wa forodha uliondolewa, ndipo ikaonekana kwamba mipaka ya kweli imefichwa ndani ya sheria za kila nchi. Kesi mashuhuri ni ya tarehe 20 Februari 1979, maarufu kwa jina la Cassis de Dijon. Ujerumani ilikataa kinywaji cha matunda kutoka Ufaransa kwa sababu kilevi chake, kati ya asilimia 15 na 20, hakikufikia kiwango cha asilimia 25 kilichowekwa na sheria yake. Mahakama ilisema kwamba kitu kilichotengenezwa na kuuzwa kihalali katika nchi moja mwanachama kipokelewe katika nyingine, isipokuwa kuna sababu ya lazima ya manufaa ya umma.

Tazama kilichotokea. Soko liliziondoa kanuni nyingi za mataifa, likaacha nafasi tupu, na nafasi hiyo ilihitaji kanuni mpya za ngazi ya Ulaya. Makubaliano ya mwaka 1986 yaliziwezesha nchi kupitisha kanuni hizo kwa wingi wa kura badala ya kungoja wote wakubali, na lengo la kukamilisha soko likawekwa mwisho wa mwaka 1992. Katika wimbi hilo ndipo lilipotoka Agizo namba 93/13 la tarehe 5 Aprili 1993 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba ya walaji. Agizo, katika lugha ya Ulaya, ni sheria inayozipa nchi lengo na kuziachia zenyewe njia ya kulifikia.

Maneno yake ni machache. Sharti ambalo halikujadiliwa na mlaji mmoja mmoja si la haki ikiwa, kinyume cha nia njema, linaleta tofauti kubwa kati ya haki na wajibu wa pande mbili, kwa hasara ya mlaji. Sharti la namna hiyo halimfungi. Lakini ukisoma utangulizi wake, hoja inayofungua njia ni soko, wala si unyonge wa mlaji. Sheria za nchi zinatofautiana, ushindani unapotoka, na mnunuzi anaogopa kununua nchi nyingine kwa sababu hajui sheria za huko. Ndiyo sababu mkopo wa Hispania tupu, usiovuka mpaka wowote, uliweza kufika Luxembourg: soko liliandikiwa kanuni moja, na kanuni hiyo haiulizi kama mkopaji na benki wanatoka nchi moja.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Haki ya mnyonge iliingia katika mkataba kwa mlango wa soko. Ililetwa na mjumbe aliyetumwa kwa shughuli nyingine.

Jaji anasimama

Hatua ya kwanza ilitoka Barcelona pia. Wanunuzi wa ensaiklopidia kwa malipo ya kidogo kidogo walishtakiwa katika mji huo, ambako hakuna hata mmoja wao aliyeishi, kwa sababu karatasi waliyosaini ilisema kesi zote zitasikilizwa huko. Tarehe 27 Juni 2000 Mahakama ya Luxembourg ilisema jaji anaweza kulichunguza sharti la namna hiyo mwenyewe, hata kama mlaji hakuomba. Sababu yake ni ya kibinadamu: mlaji huenda hajui haki yake, au gharama ya wakili inazidi kile anachodaiwa. Mwaka 2009, katika kesi kutoka Hungaria, "anaweza" ikawa "anapaswa", mara tu jaji anapokuwa na taarifa za kutosha. Jaji, ambaye katika kesi ya madai hukaa kimya kama mwamuzi wa mpira, sasa alipewa wajibu wa kuufungua mkataba na kuutazama.

Kisha ikaja hukumu ya nyumba ya Martorell, kesi C-415/11, tarehe 14 Machi 2013. Mahakama iliona kwamba utaratibu wa Hispania unapingana na Agizo, kwa kuwa jaji anayechunguza haki ya sharti hakuweza kusimamisha utekelezaji. Ulinzi wa fedha tu baada ya nyumba kwenda, ilisema, ni pungufu, hasa mali hiyo inapokuwa makao ya familia. Kuhusu nia njema, ilimpa jaji kipimo ambacho tunapenda kila mwanafunzi wetu akishike: ajiulize kama benki, ikimtendea mteja kwa haki, ingeweza kutarajia kwamba angelikubali sharti hilo kama lingejadiliwa naye ana kwa ana. Hakuna Injili iliyotajwa katika hukumu hiyo. Hata hivyo mtu aliyelelewa na Mathayo 7:12 hatakiona kipimo hiki kuwa kigeni.

Hispania ilibadili sheria yake haraka. Sheria namba 1 ya mwaka 2013, ya tarehe 14 Mei, ilimruhusu mdaiwa kuleta pingamizi la sharti lisilo la haki ndani ya shauri lenyewe la rehani, na riba ya ucheleweshaji kwa makao ya familia ikawekewa kikomo cha mara tatu ya riba ya kisheria. Lakini iliacha mdai peke yake akiwa na rufaa kamili. Tarehe 17 Julai 2014 Luxembourg ikasema hapana tena, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa kwa mara nyingine.

Soko halina dini

Tungeishia hapo, msomaji angeondoka na picha nzuri kupita kiasi.

Agizo lenyewe lina mpaka. Likiandikwa kwa lugha wazi, sharti linalohusu kitu kikuu cha mkataba, au usawa kati ya bei na kinachonunuliwa, halichunguzwi. Yaani swali la kwanza la Mtakatifu Toma, lile la bei ya haki, ndilo hasa lililoachwa nje. Nchi mwanachama inaweza kuongeza ulinzi, kwa kuwa Agizo linaweka kiwango cha chini tu, lakini Ulaya yenyewe haiulizi.

Kubwa zaidi ni kesi ya Laval. Mwaka 2004 kampuni kutoka Latvia ilileta wafanyakazi wake kukarabati shule huko Vaxholm, Sweden. Sweden haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na bunge. Mishahara hupangwa kwa mapatano kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Chama cha wajenzi kilitaka kampuni iingie katika mapatano hayo, na ilipokataa, kikaizuia kazi yake. Tarehe 18 Desemba 2007 Mahakama ileile ya Luxembourg ilisema kwamba kizuizi hicho kimevunja uhuru wa kutoa huduma ndani ya soko. Mwaka 2009 mahakama ya kazi ya Sweden iliviamuru vyama vya wafanyakazi kuilipa kampuni fidia.

Tuangalie vizuri. Uhuru wa soko ulioandikwa kwa ajili ya kuyabana mataifa uligeuka deni la mtu kwa mtu. Ukuta uleule uliotobolewa ili mdaiwa apate pumzi ulitobolewa tena, safari hii dhidi ya chama ambacho *Rerum Novarum* ingekitetea kuwa ni cha haki ya asili. Wapo watakaosema wafanyakazi wa Latvia nao walikuwa maskini na walihitaji kazi ile. Hoja hiyo ni nzito na hatuidharau. Lakini walioamua mizani haikuwa wao. Ilikuwa ni uhuru wa kampuni iliyowaajiri. Ilichukua hadi mwaka 2018 kwa Ulaya kulirekebisha agizo kuhusu wafanyakazi wanaotumwa nchi nyingine, ili walipwe ujira kamili unaotakiwa na kanuni za mahali wanapofanya kazi, si kile kima cha chini tu.

Maana ya auni

Ulaya ina neno la kujibia mvutano huu, na imelichukua kwetu: kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza katika *Quadragesimo Anno* mwaka 1931, na Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 ukaiingiza katika sheria ya Umoja. Mara nyingi wanasiasa huisoma kama amri ya kukaa mbali: jambo linaloweza kufanywa na ngazi ya chini, ya juu isiliguse. Kwa maana hiyo Mahakama ya Luxembourg ilifuta tarehe 5 Oktoba 2000 agizo lililopiga marufuku matangazo ya tumbaku, ingawa kwa hoja ya mipaka ya mamlaka: kutengeneza soko hakumpi mtunga sheria ruhusa ya kudhibiti kila kitu. Na pendekezo la mwaka 2011 la sheria moja ya mauzo kwa Ulaya nzima lilipingwa na mataifa mengi hadi likaondolewa.

Lakini Kiswahili chetu kinatukumbusha nusu nyingine. Auni ni msaada. Ngazi ya juu ina wajibu wa kunyoosha mkono pale ya chini iliposhindwa au ilipokataa. Kwa maoni yetu, kesi ya Martorell ni auni iliyofanya kazi yake: taifa lilimfungia raia mlango, na ngazi ya juu ikaufungua, kisha ikamrudishia jaji wa nyumbani kazi ya kuamua. Kesi ya Laval ni kinyume chake: ngazi ya juu ilikifanyia kazi chombo cha kati, chama cha wafanyakazi, kana kwamba ni kizuizi barabarani. Mahakama ni ileile, na mikataba iliyoiongoza ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba katika kesi moja soko lilimhitaji mnyonge awe mlaji mwenye imani, na katika nyingine halikuwa na haja naye.

Turudi kwenye kanuni ya 1290. Agizo namba 93/13 linamlinda "mlaji", na kwa tafsiri yake mlaji ni mtu wa kuzaliwa anayetenda nje ya biashara au taaluma yake. Parokia ya Hispania inayokopa kwa karatasi ileile iliyochapwa, yenye riba ileile ya asilimia 18.75, si mtu wa kuzaliwa. Isipokuwa sheria ya nchi yake imeongeza ulinzi, Agizo halitaikinga, na Kanisa lenyewe limekubali kufuata sheria hiyo ya nchi. Kinachobaki ni mlango ambao Sheria za Kanisa zimeuweka kabla ya saini: ruhusa ya mkuu halali na ushauri wa walioteuliwa kutazama mali. Mlango huo unaelezwa katika kanuni za 1291 hadi 1295, na hizo ndizo tutakazozisoma katika somo lijalo.